Mashine Inayojibu "Njema"

Zuwena,

Watu wetu wakiandika barua huanza kwa kusema sisi huku hatujambo, wasiwasi wetu ni juu yenu mlioko huko. Mimi sianzi hivyo. Utajua kwa nini ukifika mwisho, na usirukie mwisho kwanza kama unavyofanya na vitabu vyako.

Nimekaa jikoni, adhana ya alasiri imeshapita, chai imepoa. Wewe na mjomba wako Khalfan mko Sinaw kuwaaga watu wa babako. Na hapa ndipo unaponipandisha presha. Asubuhi umenambia, "Bibi, siendi." Makoti umeyatoa sandukuni, umeyatupa kitandani. Halafu umevaa, umejipulizia mafuta, umepanda gari kwenda kuaga watu. Unawaaga unakwenda wapi? Jikoni?

Ndege yako ya kwenda masomoni ni kesho baada ya adhuhuri, kutoka Maskati. Nina muda mpaka mrudi, na Khalfan akishika usukani hakimbii, kwa hiyo ninao wa kutosha.

Sitakwambia ule vizuri wala uvae soksi. Una miaka ishirini na saba. Ukifa njaa Uholanzi, penye maziwa yote hayo, huo utakuwa ujinga wako wala si malezi yangu.

Mimi skuli sikusoma hata siku moja, unajua. Unguja, babangu alisema msichana akijua kuandika ataandikia wanaume. Akanipeleka chuo cha Kurani, nikahitimu msahafu, basi. Lakini herufi ni herufi. Mamangu akiandika Kiswahili chake kwa herufi hizi hizi za msahafu, barua kwa barua, mpaka za kuombea sukari kwa jirani, nami ndivyo ninavyoandika. Wewe herufi hizi unazijua tangu hujang'oka meno ya utoto. Kinachokushinda ni Kiswahili. Basi isome kwa sauti. Ukiisoma kimya itakupotea, ukiitamka utanisikia.

Tuanze na hiyo mashine yako.

Siku ya kwanza uliniletea laptopu mezani pangu, mimi nachambua mchele. Ukafungua picha, rangi ya waridi na samawati, kama kanga iliyochujuka.

"Bibi, hizi ni seli. Zimetoka kwenye mlango wa kizazi, zikapakwa kwenye kioo, zikatiwa rangi, zikapigwa picha kwa darubini."

"Funika," nikakwambia. "Hapa pa kula."

"Bibi, si uchi. Ni seli."

"Zimetoka wapi?"

"Nimeshakwambia zimetoka wapi."

"Basi ni uchi. Funika."

Ukacheka mpaka ukakohoa. Lakini baada ya siku tatu nilikuwa nimevaa miwani, nimekaa ubavuni mwako, mchele nimeuwacha. Seli nzima ilikuwa kama yai la kukaanga: kiini kidogo katikati, ute umetanda. Ile mbovu, kiini kimevimba, kimekuwa cheusi, kingo zimekwenda upande, na ute umebaki kidogo kama ukosi wa kanzu. Nilikuwa nikikuonyesha kwa kijiko, "Hili yai limevunda," nawe unaangalia, unasema, "Wallahi, Bibi, umepatia." Usidhani sikuringa. Nilimpigia simu Khalfan kumwambia kuwa mimi sasa daktari.

Ukanieleza kazi yenyewe. Mashine haina elimu, ina macho tu. Unaionyesha picha, unaiambia hii nzima, hii mbovu, tena na tena, maelfu, mpaka siku moja unaionyesha picha ambayo haijaiona na yenyewe inakwambia. Nikasema hivyo ndivyo mtoto anavyofunzwa. Ukasema ndiyo, lakini mtoto huuliza maswali.

Sasa wiki iliyopita. Mashine ilikuwa katika majaribio pale maabara kwenu. Inatazama yenyewe kwanza, halafu unatazama wewe. Kikaja kioo cha mwanamke wa Al Kamil. Mashine ikasema safi. Wewe ukatazama, pembeni kabisa ukaona seli tatu zimejikunyata pamoja, viini vyeusi. Ukampelekea daktari. Mwanamke akaitwa, akaja, atatibiwa mapema, kabla haijawa maradhi ya kumlaza.

Mimi ningechinja mbuzi. Wewe umerudi nyumbani unalia kama uliyefiwa.

"Nimeikagua yote upya, Bibi. Kila ikiingia shaka, inasema safi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu picha nilizoipa karibu zote zilikuwa nzima. Hapa kwetu mbovu tulizonazo ni chache. Imejifunza kuwa ukisema safi, karibu kila mara utapatia."

"Kumbe mvivu."

"Si mvivu. Mimi ndiye niliyeifunza."

Na tangu siku hiyo wimbo ni mmoja. Hufai. Mtu aliyeharibu mashine moja haendi kufunzwa kutengeneza nyengine. Utabaki hapa Ibra, utazame vioo kwa macho yako mwenyewe mpaka upofuke. Macho yako mangapi, Zuwena? Mawili. Wanawake wa Sharqiya nzima, wa mjini na wa jangwani, wewe utawatazama kwa macho mawili, na mafua yako ya kila baridi?

Nimekusemesha, umenuna. Khalfan amekusemesha, umemwambia haelewi, na kweli haelewi, yeye anauza matairi. Basi nisikilize mimi.

Nilipoolewa na kuletwa hapa Ibra nilikuwa naijua karafuu. Tende sikuijua. Kwetu tende ilikuja Ramadhani, imeshafungwa, unakula unamshukuru Mungu. Hapa mama mkwe wangu, Bi Ghaniya, alikuwa na mitende ya mabsli, tende ile inayochemshwa wakati wa joto kwenye masufuria ya shaba makubwa, kisha inaanikwa juani mpaka iwe ngumu. Akaniweka kwenye jamvi nichambue. Nilichambua kwa furaha, mkono unakwenda kama cherehani. Nzuri, nzuri, nzuri. Na kweli nyingi zilikuwa nzuri.

Gunia langu moja likarudi. Mnunuzi alilimwaga uani mbele ya watu, akaivunja moja, ndani imeoza na wadudu wamo. Akavunja ya pili. Nilitamani ardhi inimeze.

Bi Ghaniya hakunigombeza. Alikuwa mwanamke mkavu, maneno yake kama tende zake. Alichukua pakacha, akenda kwa majirani nyumba hadi nyumba kuomba tende mbovu. Watu walidhani jua limempiga kichwani. "Bi Ghaniya, mbovu za nini?" "Za mke wa mwanangu." Wakacheka, wakampa. Akaja akanimwagia zote mbele yangu. Siku tatu sikugusa tende nzima. Iliyochacha ndani, yenye kitundu cha sindano karibu na kikonyo, inayong'ara kwa nje na ukiibonyeza haina kitu. Nilizivunja, nilizinusa, nilizitia ulimini.

"Nzima utaijua tu," akanambia. "Mbovu ndiyo inayotaka kufunzwa."

Baada ya hapo mkono wangu ulikuwa ukisimama wenyewe kabla sijajua kwa nini.

Sasa si wewe mwenyewe uliyenambia kuwa huko Uholanzi wamekusanya picha mbovu kutoka nchi nyingi, na kuwa watakufunza namna ya kuilea mashine juu ya mbovu ili isizikimbie? Hao wamefanya alichofanya Bi Ghaniya. Wamezunguka na pakacha. Wamekuita ukae jamvini. Nawe unatoa makoti.

Lakini haya ningekwambia kwa mdomo, sauti ya kukugombeza ninayo. Nimechukua kalamu kwa jambo ambalo mdomo umelikataa miaka kumi na minane.

Ni habari ya mamako.

Kabla ya mashine yako kusema safi, nilisema mimi. Rahma alinijia siku moja tunakunja nguo. Akanambia kwa sauti ndogo, uso kautia ndani ya shuka, kuwa anaona damu siku zisizokuwa zake. Nikamwambia, "Nami niliona hivyo, mama mdogo wangu aliona hivyo, ikakatika. Itakatika." Nikamchemshia mdalasini na habasoda. Nilisema kwa yakini, kama mtu aliyesoma. Na sikusema uongo: wanawake wote niliowajua, ilikatika.

Nimekaa na hilo miaka mingi kabla sijaelewa. Wale ambao haikukatika sikuwajua, kwa sababu hawakusemwa. Mwanamke akifa kwa maradhi ya huko, watu husema alikuwa na homa. Alikuwa na tumbo. Siku yake ilifika. Tunawaosha, tunawazika, na maradhi yao tunayazika nao. Basi jicho langu lingeziona wapi tende mbovu? Tulizificha sisi wenyewe, kwa heshima.

Ulipokuwa unanieleza kwa nini mashine yako inasema safi, nilinyanyuka nikenda kuzima jiko. Jiko lilikuwa limeshazimwa.

Ngoja, sijamaliza. Hilo la damu ni ujinga, na mjinga husamehewa. La pili silo.

Mamako alikwenda kituo cha afya kwa presha, wakamchukua kipimo, kile kile cha vioo vyako. Siku zikapita. Wakapiga simu, mimi nikaipokea, nikasema hayupo. Wakapiga tena. Mwisho akaja nesi mwenyewe, Mhindi, msichana mwembamba, kaja kwa miguu kwenye jua la Ibra na mkoba begani. Nyumbani walikuwapo wanawake wa jirani. Nikamkaribisha. Nikamtilia halua, tende, kahawa. Unajua mambo yetu: mgeni haulizwi kilichomleta mpaka anywe, na akishakunywa anauliza habari, nawe unajibu hakuna habari. Hata kama maiti yuko chumba cha pili, kwanza unajibu hakuna habari. Unguja tulikuwa vile vile. Habari? Njema. Za nyumbani? Njema. Halafu, kama mtu ana subira, ndio unamwambia nyumba imeungua.

Yule nesi alikuwa ameshakaa Oman, alijua adabu. Alikunywa kikombe cha kwanza na cha pili. Rahma ndiye aliyekuwa akimtilia, kasimama na dele la kahawa mkononi. Nesi akamtazama, akauliza kwa Kiarabu chake cha hospitali, "Wewe ndiye Rahma? U mzima? Kuna chochote?"

Rahma akanitazama mimi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, ana mume na mtoto, na akanitazama mimi.

Nikajibu mimi. "Mzima, alhamdulillahi. Hakuna habari."

Mbele ya wale wanawake. Ningesema nini, Zuwena? Ningesema mwanangu anatoka damu? Leo najua ningesema nini. Siku ile niliona macho ya majirani tu.

Rahma akainamisha kichwa, akatia kahawa. Nesi akasema, "Jumapili aje, lazima aje, kipimo kinataka kurudiwa." Nikasema insha'Allah. Nililitumia jina la Mungu kumfungia mgeni mlango, na hilo nalo nitaulizwa. Akatoa karatasi. Akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akashukuru, akaenda zake kwenye jua. Ile karatasi nikaitia chini ya kopo la bizari. Jumapili nikasema tuna wageni, na kweli wageni walikuwapo, niliwaita mimi.

Mwaka haukwisha. Alipopelekwa Maskati hawezi kusimama, daktari alimuuliza mbele yangu, "Uliitwa. Kwa nini hukuja?"

Mamako akasema, "Nilisahau."

Alisema hivyo na mkono wake umo mkononi mwangu. Na mimi nikanyamaza. Nikampigia shangazi yako Sinaw, nikasema Rahma alisahau. Watu wa babako wakasema Rahma alisahau, na walikuwa wakueleze nini, ulikuwa na miaka tisa. Umekua na neno hilo. Nimekusikia ukiwa msichana, umefunga mlango, unaiambia picha yake ukutani, "Vipi ulisahau?" Nilikuwa nje ya mlango na bilauri ya maziwa. Nikaondoka nayo.

Mamako hakusahau. Hajasahau kitu tangu kuzaliwa kwake. Umemkasirikia maiti kwa kosa langu, naye huko aliko hawezi kujitetea. Basi sasa unajua pa kuipeleka hasira yako.

Na kuna la tatu, na hili ndilo linalokuhusu, kwa hiyo usifunge barua kwa ghadhabu kabla hujalisoma.

Baada ya kumzika Rahma niliapa sitasema tena juu ya kitu chochote. Tende nikaacha kuchambua. Mtu akiniuliza nionavyo, nasema sijui. Nikaona huo ndio ucha Mungu. Akaja binti wa jirani, yule Asila wa nyumba tuliyopakana nayo ukuta, unamjua. Kaniita pembeni, kanishika mkono kautia kwenye ziwa lake, kuna kitu kama mbegu ya ukwaju. "Bibi, jicho lako ni jema, nambie hiki nini." Mkono wangu ulijua. Ulisimama wenyewe, kama kwenye jamvi la Bi Ghaniya. Na mimi nikauondoa, nikasema, "Usiniulize mimi. Mimi sifai."

Sikumwambia nenda hospitali. Maneno mawili, Zuwena. Nilikuwa nimeshughulika na kosa langu, sikuwa na nafasi ya maradhi yake. Asila yu hai kwa sababu mumewe ana akili, si kwa sababu yangu.

Kwa hiyo usinambie hufai. Neno hilo nalijua linavyonuka. Kwa mamako nilisema safi, kwanza kwa kutoona, kisha kwa kuogopa macho ya majirani. Kwa Asila niliona, nikakimbia. La mamako ninamuomba Mungu anisamehe. La Asila hata kuomba naona haya.

Wewe umeona seli tatu ambazo mashine haikuziona. Ulipoziona hukuangalia macho ya majirani, ulikwenda kwa daktari. Na ulipojua mashine yako inasema uongo, hukuifunika, uliwaambia wakubwa zako wote kwa mdomo wako, na kosa ukalichukua wewe. Mimi hilo sikuweza mpaka leo, na leo lenyewe nimeliandika kwa kuwa hupo. Mtu kama wewe ndiye wa kuilea hiyo mashine. Nani mwengine? Anayejua kwamba "njema" inaua, au anayedhani ni adabu tu?

Mtarudi magharibi. Utaisoma. Utanichukia, na una haki. Lakini nichukie ukiwa ndani ya ndege, saa zote zile za kukaa utahitaji kitu cha kufanya. Usinichukie ukiwa hapa umejifungia chumbani, huku mwanamke mwengine wa Al Kamil ameketi kwenye benchi anangoja kioo chake.

Ile karatasi ya nesi sikuitupa. Nimeitoa leo chini ya kopo. Imekuwa manjano, inanuka bizari, jina la mamako linasomeka. Nimeitia ndani ya koti lako jeusi, mfuko wa ndani, na makoti nimeyakunja nimeyarudisha sandukuni mwenyewe, na mgongo unanilaani.

Sasa la mwisho. Asubuhi, kabla hujaanza ule wimbo wako, uliniuliza, "Habari, Bibi?" Nikajibu, "Njema." Chukua jibu jengine.

Tangu Ramadhani kifua kinabana usiku, nalala nimeegemea mito, na sijamwambia mtu. Nitamwambia Khalfan leo, kabla hajavua viatu, na Jumapili atanipeleka, na Jumapili hiyo hapatakuwa na wageni. Usiifanye hii kuwa sababu ya kubaki. Ningekuwa nataka kukuzuia ningelia, nawe unajua silii. Nimekwambia ili uniamini nikikwambia na mengine. Ukinipigia kutoka huko ukaniuliza habari, nitakupa ilivyo, mbaya kwanza. Nami nikikuuliza, nipe hivyo hivyo.

Sitaki uende. Nyumba hii sijalala peke yangu ndani yake tangu niletwe bibi harusi. Nitakutilia chai kwa mazoea na nitaimwaga. Habari yangu ndiyo hiyo, si njema.

Funga sanduku.

Bibi yako